Video imechekesha, mafuta hayajatoka

"Shikamoo mwalimu. Nakamua mafuta ya alizeti hapa Kizota, Dodoma, mwaka wa nne sasa. Nina mashine mbili na vijana watano. Mwezi wa tatu nilimlipa mchekeshaji anitengenezee video ya mitandaoni, nikakodi gari la matangazo siku tatu katikati ya mwezi, nikaweka na bango moja barabara ya Singida. Jumla milioni nne na laki sita. Video imetazamwa zaidi ya mara laki mbili, hadi watu wananisimamisha mjini wanacheka. Lakini mauzo ni yale yale, madumu 60 hadi 65 kwa wiki kama zamani. Mume wangu anasema nimetupa hela, kizuri chajiuza. Rafiki yangu anasema biashara ni matangazo, nisikate tamaa, safari hii nifanye promosheni ya kushinda bodaboda. Nani yuko sahihi? Na mimi nilikosea wapi?"

Marahaba, binti yangu. Nilipomaliza kusoma barua yako niliitafuta hiyo video, nikaitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, kijana ana kipaji. Mara ya pili nilishika saa. Ina dakika moja na sekunde kumi. Jamaa anadokoa maandazi jikoni kwa mkewe, mke anamfuma, anakimbia, anateleza, anaangukia karai la unga. Jina la mafuta yako linatokea sekunde sita za mwisho, wakati mtazamaji bado anacheka unga ulivyomjaa jamaa usoni. Mara ya tatu nilimpa simu kijana anayeniletea maji, akaitazama, kisha tukaendelea na mambo mengine. Baada ya nusu saa nikamuuliza ile video ilikuwa inahusu nini.

"Yule jamaa aliyeangukia karai."

Ilikuwa inatangaza nini? Akafikiri kidogo. "Mafuta." Mafuta ya nani? Akanitajia mafuta ya kiwanda kikubwa, yale ambayo kila mtu anayajua toka utotoni.

Hapo ndipo pesa yako ilipokwenda. Mtu akikumbuka kichekesho na asikumbuke mwenye kichekesho, akili yake humalizia pengo kwa jina lililozoeleka zaidi. Ulimlipa mchekeshaji, sifa ikamwendea mkubwa wako wa sokoni. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu milioni nne na laki sita za mkamuaji mdogo najua zinakotoka: ni mbegu zilizonunuliwa Kibaigwa kwa pesa ya mkopo, ni mashudu yaliyouzwa kwa wafugaji gunia kwa gunia.

Kipimo ninachokitumia kabla ya kumruhusu mteja wangu yeyote alipie tangazo ni hiki. Chukua hadithi ya tangazo, toa bidhaa yako, weka nyingine. Kama hadithi inaendelea kusimama, tangazo halijawa lako. Kwenye video yako ningeweza kuweka unga wa ngano, sufuria, jiko la gesi, hata bima ya ajali, na jamaa bado angeangukia karai na watu wangecheka vile vile. Mafuta hayakuwa na kazi yoyote ndani ya hadithi. Maandazi yalidokolewa, sawa, lakini kwa nini alishindwa kujizuia? Kama ingekuwa harufu ya mafuta mapya ya alizeti ndiyo iliyomtoa kitandani alfajiri na kumvuta hadi jikoni, basi ungeondoa mafuta, hadithi nzima ingeanguka. Mchekeshaji angechekesha vile vile, na kicheko kingebeba jina lako.

Hilo la video ni dogo, hata hivyo. Jumamosi niliamka mapema nikaenda Majengo sokoni, nikaomba kigoda kwa mwenye duka mmoja ninayefahamiana naye, nikakaa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu nikiangalia watu wanavyonunua mafuta. Nilihesabu wanunuzi 31. Walioondoka na chupa au kidumu chenye lebo walikuwa saba tu. Wengine wote walisema, "Nipimie ya mia tano," "Nipimie ya buku," wakatoa chupa ya maji au kikombe. Mwenye duka akachota kwenye dumu la njano lililokaa sakafuni, nyuma ya gunia la sukari, mdomo wake umefungwa kitambaa. Nikamuuliza dumu lile ni mafuta ya nani. Akasema, "Ya Kizota, ya yule mama, mazuri sana hayo." Ni yako, binti yangu. Yalikuwa yanauzwa mbele ya macho yangu, na hakuna hata mmoja kati ya wale waliopimiwa aliyejua.

Nilimwona mama mmoja, kwa mavazi yake ningesema ni mama lishe. Alichukua tone kwenye kidole, akalisugua kwa kidole gumba, akanusa. Akainua kile kichupa juani. Akauliza, "Haya hayapandishi povu?" Mwenye duka akajibu hayapandishi. Mama akalipa buku akaondoka. Katika muda ule wote, ambao pengine haukufika dakika moja, tangazo lako halikuwa na pa kuingilia. Hata kama aliitazama video jana usiku, angeulizaje mafuta yako wakati hakuna kitu chochote pale dukani kinachomwonyesha yapo? Aliamua kwa kidole, pua, jua na neno la mwenye duka.

Kwa hiyo unaponiuliza kati ya mumeo na rafiki yako nani yuko sahihi, nasema kila mmoja ameshika nusu. Methali ya mumeo inafaa kijijini, ambako kila mtu anamjua mwenye kitu. Chungu cha bibi fulani kinajiuza kwa sababu ukikisifu watu wanajua ni cha nani. Mafuta yakishaingia kwenye dumu lisilo na jina, uzuri wake unajiuza kweli, ila unamuuzia mwenye duka jina zuri, si wewe. Kesho akikuta mkamuaji mwingine anayempunguzia elfu mbili kwa dumu, atabadilisha, na yule mama lishe hatajua kilichobadilika mpaka karai lake lifurike povu. Rafiki yako naye, biashara ni matangazo, ndiyo, lakini tangazo linaanza pale mkono wa mnunuzi unapofika. Wewe ulianzia mbali, kwenye simu za watu laki mbili, ambao wengi wao wako Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam, wakati mafuta yako hayavuki Chamwino. Na bango la barabara ya Singida linasomwa sana na abiria wa mabasi ya Kahama na Mwanza. Wanalisoma, wanapita.

Gari la matangazo sitalisema sana. Katikati ya mwezi mji huu hauna pesa. Dodoma ni mji wa mshahara, hasa tangu serikali ihamie. Usipotangaza siku zile za mwisho wa mwezi, unamkumbusha mtu njaa ambayo hawezi kuishibisha.

Sasa nieleze matangazo yaliyofaulu yalifanya nini, kwa sababu usipojua hilo utarudi kutafuta mchekeshaji mwingine. Yaliyofanya kazi kweli, hapa kwetu na kwingine, mengi yalilichukua jambo ambalo watu walikuwa tayari wanalifanya au wanaliona, yakalipa jina au njia. Machi 2007, Safaricom walipoanzisha M-Pesa kule Kenya, wangeweza kusifia mitambo yao. Walichomwambia mtu wa Nairobi ni kwamba atume pesa nyumbani. Basi. Mtu huyo alikuwa tayari anatuma pesa nyumbani kila mwezi, kwa bahasha ya dereva wa basi au kwa binamu anayesafiri, na roho juu hadi asikie imefika. Tangazo halikumfundisha haja mpya, lilimwondolea hofu aliyokuwa nayo.

Hapa nchini nadhani hujasahau Fataki. Ilikuwa kwenye redio, kuanzia mwaka 2008 hivi: mtu mzima mwenye pesa anayewarubuni wasichana wadogo. Kila mtaa ulikuwa na watu kama hao, ila hapakuwa na neno la kuwaita ambalo mtoto angeweza kulitamka hadharani bila kuonekana hana adabu. Kampeni ikaleta neno. Na ndani ya matangazo yale Fataki hakuwa anashinda. Palitokea mtu wa karibu akamharibia mpango wake, msichana akanusurika. Msikilizaji alipewa vitu viwili kwa mpigo, jina la kumwitia mtu yule na mfano wa nini cha kufanya ukimwona. Baada ya muda nikawa nasikia watu kwenye daladala wanamzomea mzee mzima, "Fataki huyo!" Hakuna idadi ya watazamaji inayolingana na hilo. Neno la tangazo likiingia mdomoni mwa watu na likabaki na maana ile ile uliyoikusudia, kazi imefanyika.

Ilipofika 2012 ikaja kampeni ya Wazazi Nipendeni kwa ajili ya wajawazito. Ninachokipenda ndani yake ni kwamba haikuishia kumsihi mama aende kliniki. Ilimwambia atume neno "mtoto" kwenda 15001, bure, na ujumbe ungeanza kumfikia kulingana na umri wa mimba. Mtu aliyesikia redio akiwa anapika alikuwa na kitu cha kufanya kwa dole gumba kabla ugali haujaiva. Video yako inaishia na kicheko. Haimwambii mtu aende wapi, aulize nini, alipe ngapi.

Na povu je? Najua uliniandikia kuhusu matangazo, lakini swali la yule mama lishe limenikaa kichwani. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani yana harufu yake, yana rangi yake, na yakipata moto mkali yanaweza kupandisha povu kwa sababu ya utomvu wa mbegu uliobaki ndani. Unaujua ukweli huu kuliko mimi. Kwenye lebo yako, niliyoiona kwenye kile kidumu cha lita 5, umeandika "safi, bora, asilia, kwa afya ya familia yako". Kila mkamuaji kutoka hapa hadi Singida ameandika hivyo hivyo. Povu umelificha. Mimi ningeanzia na povu.

Mwaka 1959 kampuni moja ya matangazo ya New York, Doyle Dane Bernbach, ilipewa kazi ya kuwauzia Wamarekani gari la Volkswagen, lile la mgongo wa kobe. Marekani ya wakati ule ilikuwa inapenda magari marefu yenye mikia na mapambo. Hili lilikuwa dogo, halina umbo la kuvutia, na limetoka Ujerumani miaka kumi na minne tu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtu mwingine angelipiga picha kwa ujanja lionekane kubwa. Wao waliacha ukurasa karibu wote mweupe, wakaweka kagari kadogo pembeni juu, na chini yake wakamwambia msomaji awaze kidogo, badala ya kuwaza kikubwa kama kila mtu. Kisha maelezo ya chini yakaugeuza ule udogo kuwa faida moja baada ya nyingine: mafuta kidogo, maegesho rahisi, bima ndogo, gharama ndogo za matengenezo.

Mwaka uliofuata wakaenda mbali zaidi. Wakaweka picha ya gari na chini yake neno moja, "limau", ambalo kwa Wamarekani ni jina la gari bovu. Msomaji aliyeshtuka akisoma chini alikuta kwamba gari lile lilikataliwa kiwandani kwa sababu ukanda wa kromu kwenye kisanduku cha mbele ulikuwa na doa ambalo wewe na mimi tusingeliona. Tangazo likaeleza kwamba kiwanda cha Wolfsburg kina watu 3,389 wenye kazi moja tu ya kukagua magari, na kwamba kila siku yanatengenezwa magari 3,000, yaani wakaguzi ni wengi kuliko magari. Angalia wanavyofanya. Hawakusema "sisi ni bora". Walikiri jambo, wakakupa idadi, ukafika mwenyewe kwenye neno "bora" bila kusukumwa. Mtu haamini sifa anayopewa kama anavyoamini sifa aliyoigundua.

Na gari lile halikuachwa lijiuze lenyewe. Lilikuwa zuri, imara, na bado lilitangazwa. Mwambie mumeo.

Sasa chukua kidumu chako cha lita 5. Ingekuwaje lebo yake ingesema: "Mafuta haya yana harufu ya alizeti kwa sababu ni alizeti tupu. Moto ukizidi yatapandisha povu kidogo. Punguza moto, litatulia. Tumeyaacha yatulie siku kadhaa na kuyachuja mara mbili kabla hujayanunua." Weka siku zile zile unazoziacha kweli, na kama ni moja tu, anza kuziongeza kabla ya kuandika, maana mteja wa mafuta ni mtu wa kurudi kila wiki na uongo wa lebo utaumbuliwa na karai lake mwenyewe. Nembo ya TBS, shirika la viwango, iwekwe mahali inapoonekana, kama umeshaipata; kama bado, hiyo ndiyo matumizi ya kwanza ya pesa yako kabla ya tangazo lolote. Na usiandike kwamba yanatibu presha au moyo, kama nilivyoona kwa baadhi ya wenzako. Hujalithibitisha, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Nataka nikusimulie na kosa langu, kwa sababu lilinifundisha kuogopa fumbo. Miaka mingi iliyopita nilipewa kazi na kampuni moja iliyokuwa inaleta bidhaa mpya ya kufulia. Tukaona tuanze na kampeni ya fumbo. Tukatundika mabango ya njano kuanzia njia ya Dar es Salaam hadi katikati ya mji, hayana picha wala jina, yana neno moja kubwa: ANAKUJA. Tulipanga wiki mbili za watu kujiuliza, halafu tufunue. Mji ulijiuliza kweli. Siku ya nne nikiwa kwenye kinyozi Makole nikamsikia mzee mmoja anamwambia mwenzake kwamba mkutano wa injili wa safari hii utakuwa mkubwa, mabango yamejaa hadi Ihumwa. Wiki nzima watu walikuwa wanatafuta uwanja na tarehe. Wengine walishapanga kuja na wagonjwa wao. Tulipofunua na ikawa ni sabuni ya unga, nilimwona mama mmoja stendi amesimama mbele ya bango, ameduwaa, mtoto mgonjwa mgongoni. Sijui alikuwa anawaza nini, na sikumuuliza. Bidhaa ile haikuuzika hapa, na iliyostahili lawama si bidhaa. Tuliokaa mezani tulikuwa tunalijua jibu, kwa hiyo fumbo lilituonekea rahisi. Hatukumwonyesha mtu hata mmoja asiyelijua kabla ya kulitundika. Tangu siku hiyo kila tangazo langu linaonyeshwa kwanza kwa watu kumi ambao hawana habari, na siwaulizi kama wamelipenda. Nawauliza wamelielewaje.

Promosheni ya bodaboda, tafadhali iache. Zawadi za kubahatisha zinataka kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, lakini hata ukikipata, angalia unachokinunua. Mwaka 1992 Pepsi walifanya promosheni Ufilipino ya namba zilizochapwa ndani ya vizibo vya soda, zawadi kubwa ikiwa peso milioni moja. Watu walikunywa soda kweli, mauzo yakapanda vizuri sana. Tarehe 25 Mei ikatangazwa namba ya mshindi, 349. Kwa kosa la uchapaji, namba hiyo ilikuwa kwenye vizibo mamia ya maelfu. Familia masikini zikaamka zikijiona mamilionea. Kampuni ilipojitetea na kuwapa peso 500 kila mmoja, watu wakaingia mitaani, magari yakachomwa, wengine wakapoteza maisha, na kesi zikaendelea mahakamani hadi 2006.

Wewe huna vizibo mamia ya maelfu, najua. Lakini hata isingetokea ajali yoyote, bodaboda ingemfundisha mteja kununua bodaboda. Droo ikiisha, naye anaondoka. Na hiyo bodaboda moja kwa bei ya sasa ingekulipia kila kitu nitakachokuelekeza hapa chini, na chenji ikabaki.

Kwanza, lipe dumu jina pale dukani. Chagua maduka 20 unayoyauzia. Kila duka lipelekee dumu la wazi lenye bomba chini, limesimama juu ya stuli ya chuma, jina lako limeandikwa kwa herufi ambazo mtu anazisoma akiwa nje ya kaunta, pamoja na kipimo chenye jina lile lile. Mafuta yaonekane. Yule mama anayeinua kichupa juani amekwambia anachokitaka: anataka kuona. Mwenye duka atakubali kwa sababu unamwondolea kuinama na kuchota. Mkubaliane kwamba lile dumu haliwekewi mafuta mengine, na umpitie kila wiki. Hili ndilo tangazo lako la kwanza, na ndilo kubwa.

Baada ya hapo nenda kwa wanaokaanga. Wakaanga chipsi, mama lishe, wauza maandazi wa asubuhi. Hawa wananunua kila siku, na mafuta yao yanaonekana yakichemka mbele ya umma. Wape dumu moja bure wajaribu, kaa nao siku hiyo ya kwanza, uwaonyeshe moto unavyopunguzwa. Akiridhika, mwombe akuruhusu kutundika kibao kidogo kisemacho hapa tunakaangia mafuta fulani. Kama hakuridhika, usimlazimishe na usimlipe atundike. Sikiliza kilichomshinda, urudi kwenye chujio.

Video itakuja baadaye, na uirudie kwa yule yule mchekeshaji kama mnaelewana, safari hii harufu ya mafuta iwe ndiyo inayomponza jamaa na dumu la duka la Majengo lionekane tangu mwanzo. Isambaze kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa ya hapa hapa Dodoma. Watazamaji elfu tatu wa Chang'ombe na Maili Mbili wana thamani kwako kuliko laki mbili wa nchi nzima. Ukipata nafasi redioni, chukua redio ya hapa mjini, saa ambazo wanawake wako jikoni, kati ya tarehe 23 na 30. Na sauti isiwe ya Kiswahili cha vijiwe vya Dar es Salaam. Mnunuzi wako anaamkia "Mbukwenyi", kwa Kigogo. Anasikia mara moja kama anayeongea ni mgeni.

Kuhusu kupima, nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko ulikoteseka: hujui hata sasa kama hiyo milioni nne ilifanya chochote. Wewe ulilinganisha mauzo ya kabla na ya baada. Hiyo haitoshi. Pengine wiki zile mshindani alishusha bei, mauzo yako yangeshuka hadi 45, na tangazo ndilo lililoyashikilia 60. Pengine halikufanya lolote. Huwezi kujua, kwa kuwa ulitangaza mji wote kwa pamoja.

Dodoma yetu ilishatumika kutatua swali hili hili. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba mafunzo ya uzazi wa mpango na ya kujikinga na Ukimwi. Nchi nzima iliusikia, isipokuwa sisi tuliokuwa tunapata mawimbi ya mtambo wa Dodoma. Huku vilirushwa vipindi vingine hadi 1995. Halikuwa bahati mbaya. Watafiti walituacha makusudi ili wapate mahali pa kulinganishia, maana miaka ile kulikuwa na juhudi nyingine nyingi za uzazi wa mpango, na bila eneo lisilosikia mchezo wasingeweza kusema mabadiliko yametokana na nini. Matumizi ya uzazi wa mpango yakapanda kule mchezo ulikosikika kuliko hapa. Ulipofunguliwa kwetu mwaka 1995, na hapa yakaanza kupanda. Ndipo wakaweza kusema kwa uhakika kwamba mchezo ule ulifanya kazi.

Fanya hivyo hivyo kwa daftari la mauzo. Yale maduka 20 usiyape yote dumu la wazi kwa mkupuo; yagawe kwa mitaa inayofanana kipato. Chang'ombe na Maili Mbili wapate dumu la wazi, vibao na video. Nkuhungu waendelee kuuziwa kama kawaida, bila chochote. Kwa wiki sita kabla ya kuanza, andika kila duka limechukua madumu mangapi. Wiki sita baada ya kuanza, andika tena. Wiki sita zinameza angalau mwisho mmoja wa mwezi kila upande, kwa hiyo mshahara hautakudanganya. Chang'ombe ikipanda na Nkuhungu ikabaki, una tangazo. Zikipanda zote mbili, ni bei au msimu. Usianze wiki za baada ya mavuno, mbegu zikiwa tele na kila mtu anakamua; bei zitayumba na daftari halitakuambia kitu.

Lakini kabla hujanunua hata stuli moja, nenda Majengo Jumamosi, mwenyewe, usimtume kijana. Kaa na mwenye duka saa mbili, usijitambulishe kwa wateja. Andika kila neno mnunuzi analotumia kuulizia mafuta na kila kitu anachokifanya kwa mikono yake kabla ya kulipa. Mimi nilisikia "hayapandishi povu?" mara nne na "ni ya kwetu au ya kiwandani?" mara mbili. Ukishayapata ya kwako niandikie, kama yalivyotamkwa, hata yakiwa ya Kigogo, nami nitakusaidia kuyapanga kwenye lebo.